Gurudumu Likilia, Lisikilizwe

Mazungumzo kwa wenye magari, madereva, mafundi na wakulima wa Mau Narok

Asanteni kwa kuacha shamba, duka na stendi ili kusikiliza habari za kitu ambacho wengi wenu hamjawahi kukiona, ingawa mnakitegemea kila siku. Gari linaweza kuwa na injini nzima, breki nzuri na tairi mpya, kisha likaangushwa na chuma kinachotosha kwenye kiganja cha mkono. Chuma hicho ni beringi ya gurudumu.

Chukulieni safari ambayo kila mtu hapa anaijua. Ni saa kumi na moja alfajiri na baridi ya Mau haijainuka. Pikapu ilipakiwa viazi tangu jana jioni. Dereva anashuka kupitia Likia kuelekea Njoro, kisha soko la Nakuru. Akifika mwendo wa kilomita 50 kwa saa, anasikia mngurumo wa chini, kama ndege inayopita mbali. Akipunguza mwendo, mngurumo unafifia. Akiongeza, unarudi. Kwa kuwa gari bado linakwenda, anaongeza sauti ya redio.

Redio haiponyi beringi. Dalili ya mvua ni mawingu, na mngurumo huo ni wingu la kwanza. Beringi nyingi hutoa onyo kabla ya kuvunjika, na anayelisikia mapema hupoteza asubuhi moja kwa fundi. Anayelipuuza anaweza kupoteza mzigo, gari au uhai wa watu aliowabeba.

Beringi ni nini?

Gurudumu linazunguka lakini gari halizunguki. Kati ya vitu hivyo viwili lazima kuwe na kitu kinachobeba uzito wote na bado kinaruhusu mzunguko. Beringi ina pete mbili za chuma kigumu, moja nje na nyingine ndani. Katikati ya pete hizo kuna gololi, au rola fupi za chuma, zinazobingirika juu ya grisi. Pembeni kuna sili ya mpira inayozuia grisi isitoke na matope yasiingie.

Shida ya beringi ilianza kabla ya magari yenye injini. Henry Timken alikuwa mtengenezaji wa magari ya kukokotwa na farasi nchini Marekani. Gari lililojaa mzigo likikata kona, gurudumu husukumwa kwa upande, na si kwa juu tu. Mwaka 1898 yeye na mwenzake walipata hataza ya beringi yenye rola zilizochongoka upande mmoja, zinazoweza kubeba uzito wa juu na msukumo wa upande kwa pamoja. Aina hiyo bado imo kwenye malori, matrekta, trela na pikapu nyingi za zamani. Magari mengi madogo ya siku hizi yana beringi iliyofungwa kabisa, yenye safu mbili za gololi, ambayo haifunguliwi kutiwa grisi. Ikiharibika, hubadilishwa nzima.

Kwa nini zinaharibika huku?

Adui wa kwanza ni maji na matope. Wakati wa mvua, gari linalotoka shambani hupita kwenye matope yanayofika karibu na katikati ya gurudumu. Sili ikiwa imechoka au imepasuka, maji huingia, grisi hupoteza nguvu na kutu huanza. Kuosha gari kwa mashine ya maji ya kasi, mdomo wa bomba ukielekezwa moja kwa moja kwenye sili, huleta madhara yale yale.

Adui wa pili ni mashimo na mawe. Gurudumu likidumbukia shimoni kwa kishindo, gololi hugonga pete na kuacha alama ndogo. Alama hiyo haionekani kwa nje, lakini kila gololi inayopita juu yake huichimba zaidi, mpaka mngurumo uanze.

Adui wa tatu ni uzito. Wahandisi wa beringi wana kanuni moja ambayo kila anayebeba viazi anafaa kuijua. Kwa beringi ya gololi, uzito unaoiangukia ukiongezeka maradufu, umri wake haupungui kwa nusu. Unashuka hadi sehemu moja ya nane. Uzito ukiongezeka kwa robo tu, umri hukatika karibu nusu. Beringi za rola huumia zaidi kidogo. Uzito huo unajumuisha gari lenyewe, watu na mzigo, na kwa kawaida magurudumu ya nyuma ndiyo hubeba sehemu kubwa ya magunia.

Kila gari lina kiwango chake cha mzigo, na kiwango hicho huandikwa kwenye kitabu cha gari au kwenye kibandiko. Toyota Probox ya mizigo, kwa mfano, iliundwa kubeba kilo 400 ikiwa na watu wawili. Kanuni za zao la viazi za mwaka 2019 zinataka gunia lisizidi kilo 50. Hesabu ni rahisi: magunia manane ya kilo 50 ni kilo 400. La tisa ni deni, na beringi huwa miongoni mwa wa kwanza kulilipa. Gunia lililoongezwa kichwa huficha deni hilo, kwa sababu dereva huhesabu magunia wala hahesabu kilo.

Adui wa nne ni mteremko pamoja na breki. Mau Narok iko zaidi ya mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, na mji wa Nakuru uko takriban mita 1,850. Dereva anayeshuka huku amekanyaga breki muda wote hupasha joto diski na ngoma za breki. Joto hilo huhamia kwenye beringi na kulainisha grisi kupita kiasi. Gia ya chini huokoa breki, na huokoa beringi pia.

Kusikiliza barabarani

Uchunguzi huanzia kwenye sikio. Redio izimwe, madirisha yafungwe, na gari liendeshwe kwenye lami iliyonyooka isiyo na msongamano, bila kuvunja sheria ya mwendo.

Swali la kwanza: sauti inafuata nini? Mngurumo wa beringi hufuata mwendo wa gurudumu, si mwendo wa injini. Dereva akiachia mafuta au akibadilisha gia huku kasi ya gari ikibaki karibu ile ile, sauti ya beringi haibadiliki sana. Sauti inayobadilika mara tu mafuta yanapoachiwa ina uwezekano mkubwa wa kutoka kwenye injini, giaboksi au difu.

Swali la pili: kona inasemaje? Gari likipinda kulia, uzito huegemea magurudumu ya kushoto. Mngurumo ukizidi wakati huo, mara nyingi beringi mbovu iko kushoto. Ukizidi gari likipinda kushoto, shaka iangukie kulia. Kipimo hiki kifanyike kwa mapindo mapana na ya polepole. Kuyumbisha gari lililobeba mzigo ni hatari kuliko beringi yenyewe.

Swali la tatu: je, ni tairi? Tairi iliyolika vibaya hunguruma karibu kama beringi, na watu wengi wamebadilisha beringi nzima kwa kosa la tairi. Sauti ya tairi hubadilika gari linapotoka lami laini kuingia lami mbaya. Pitisha kiganja juu ya tairi gari likiwa limesimama. Ukihisi vilima na mabonde, hamisha tairi za mbele ziende nyuma na usikilize tena. Sauti ikihama pamoja na tairi, beringi haina kosa.

Kuna sauti nyingine za kutenganisha. Mgongano wa tak-tak-tak gari linapokata kona kali kwa mwendo mdogo huashiria jointi ya ekseli. Mlio wa chuma kusagana unaojitokeza breki inapokanyagwa huashiria pedi zilizokwisha. Taa ya ABS ikiwaka pamoja na mngurumo, beringi isisahaulike, kwa sababu kwenye magari mengi kihisi cha ABS husoma mzunguko hapo hapo.

Kupima gari likiwa juu ya jeki

Baada ya sikio, mkono. Lakini kwanza usalama. Gari liwe tupu, kwenye sakafu ngumu na tambarare. Udongo wa Mau Narok ni laini, na jeki iliyowekwa juu yake huzama au huinama, kwa hiyo pasipo na sakafu ya saruji, ubao mnene utandikwe chini ya jeki. Magurudumu yatakayobaki chini yawekewe kabari mbele na nyuma. Gari likiinuliwa, liegemezwe juu ya stendi imara. Gurudumu la akiba lilazwe chini ya bodi kama kinga ya ziada. Asiwepo mtu wa kuingia chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja.

Hatua ya kwanza ni kutikisa. Shika gurudumu kwa mikono miwili, mmoja juu na mwingine chini, uvute na kusukuma. Kisha shika kushoto na kulia, ufanye vivyo hivyo. Gurudumu likicheza pande zote mbili, beringi inashukiwa. Likicheza kushoto na kulia tu, angalia kwanza viungo vya usukani. Ili kuhakikisha, mtu mwingine akanyage breki huku gurudumu likitikiswa. Mchezo ukitoweka, kosa liko kwenye beringi. Ukibaki, kosa huenda liko kwenye boljointi au kiungo kingine.

Hatua ya pili ni kuzungusha. Gia iwe huru, na kwa magurudumu ya nyuma breki ya mkono iachiliwe, kabari zikiwa imara mahali pake. Zungusha gurudumu polepole kwa mkono mmoja, na kiganja cha pili kiguse springi ya gurudumu hilo, mbali na sehemu zinazozunguka. Beringi nzima huacha springi ikiwa tulivu. Beringi mbovu hutuma mtetemo wa kukwaruza unaohisika mkononi, hata pale sikio lisiposikia kitu. Linganisha na gurudumu la upande wa pili, kwa sababu msuguano mdogo wa pedi za breki ni wa kawaida.

Beringi iliyofungwa inaweza kunguruma bila kuwa na mchezo wowote. Gurudumu kutocheza si ushahidi kwamba iko salama.

Je, gari linaweza kuendelea na safari?

Hili ndilo swali ambalo dereva humuuliza fundi huku akitazama saa. Mngurumo mwepesi usio na mchezo hutoa nafasi ya kupanga ukarabati, lakini si nafasi ya kubeba mzigo hadi msimu uishe. Gurudumu linalocheza, sauti ya kusagana, harufu ya kuungua, grisi iliyovuja kwenye rimu, au kitovu cha gurudumu kilicho na joto kuliko vingine, hizo ni amri za kusimama. Joto lisipimwe kwa kugusa chuma. Sogeza kiganja karibu na rimu, ulinganishe upande mmoja na mwingine. Beringi ikifika hapo inaweza kukwama au kuachia gurudumu, na mteremko wa Mau hautoi nafasi ya pili.

Kuhamisha magunia kwenda gari jingine kunauma. Viazi vikichelewa, bei inaweza kuwa imeshuka, na hasara hiyo ni halisi kwa familia. Lakini hasara hiyo ina kikomo. Gurudumu likitoka gari likiwa mteremkoni, likakutana na matatu iliyojaa au watoto wanaokwenda shule, hasara yake haina kikomo.

Sheria nayo iko wazi. Kifungu cha 55 cha Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kinataka gari na sehemu zake zote ziwe katika hali isiyohatarisha watumiaji wengine wa barabara wala waliomo garini. Dereva anayesema alisikia mngurumo tangu wiki iliyopita anakiri kwamba alijua.

Ukarabati unavyofanywa

Kazi hutegemea aina ya beringi. Kwenye baadhi ya magari, beringi na habu huja kama kitu kimoja kinachofungwa kwa bolti. Fundi huondoa gurudumu, kalipa na diski, hufungua nati ya ekseli na bolti, kisha huweka kipya. Kalipa isiachwe ining'inie kwa mpira wa breki. Ifungwe kwa waya.

Kwenye magari mengine madogo, beringi hushindiliwa ndani ya chuma kinachobeba gurudumu, na hapo ndipo makosa mengi hutokea. Kazi hii inahitaji mashine ya presi. Beringi inapoingizwa, nguvu isukume pete ya nje. Habu inapoingizwa ndani ya beringi, pete ya ndani iegemezwe kwa chini. Nguvu ikipita kwenye gololi, beringi mpya inaharibika kabla gari halijatoka gereji, na mwenye gari atarudi baada ya wiki chache akidhani ameuziwa bidhaa mbovu. Nyundo inafanya hivyo hivyo. Kama gereji ya karibu haina presi, fundi mwaminifu hufungua sehemu hiyo na kuipeleka penye mashine. Kwenye gari lenye ABS, upande wa beringi wenye pete ya sumaku uelekee kwenye kihisi, la sivyo taa itawaka.

Nati ya ekseli ikazwe kwa spana ya kipimo, kwa nguvu iliyoandikwa na mtengenezaji wa gari, na gari lisibebeshwe uzito juu ya gurudumu hilo kabla ya nati kukazwa sawasawa. Kukaza kwa kukisia hufupisha umri wa beringi, iwe nati imelegea au imezidi. Pale mtengenezaji anapotaka nati mpya, iwekwe mpya.

Beringi za rola za malori, trela na pikapu za zamani hufunguliwa, huoshwa, hukaushwa na kukaguliwa. Zisizungushwe kwa upepo wa kompresa, maana rola zinaweza kuruka na kujeruhi. Rola au pete ikiwa na mashimo, mikwaruzo au rangi ya buluu ya joto, beringi ibadilishwe pamoja na pete yake ya nje, kwa maana hizo mbili ni jozi. Grisi isukumwe mpaka itokeze upande wa pili wa rola, na grisi ya zamani isichanganywe na mpya. Nati hukazwa gurudumu likizungushwa, kisha hulegezwa na kurudishwa kwa kipimo cha mtengenezaji. Sili na pini ya kukunja huwekwa mpya. Mikokoteni ya punda iliyoundwa kwa ekseli za magari ya zamani inahitaji huduma hii hii. Punda hawezi kusema kwamba mzigo umekuwa mzito kwa sababu gurudumu halizunguki vizuri.

Mwenye gari na fundi wake

Mwenye gari hahitaji kujua kila spana, lakini ana haki ya kuuliza. Aulize fundi amejuaje kwamba ni beringi na si tairi. Aombe kurudishiwa beringi ya zamani, aizungushe mkononi na kuhisi mkwaruzo. Aulize kama kuna presi na spana ya kipimo. Fundi aliyejifunza kazi kwenye jua kali anaweza kufanya mtihani wa ufundi wa Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA, na kupata cheti kinachothibitisha ujuzi wake.

Beringi inunuliwe mpya, na iwe ya aina ya gari hilo. Beringi iliyotolewa kwenye gari jingine imekwisha tumia sehemu ya umri wake, na hakuna anayejua ni kiasi gani. Bidhaa bandia zipo pia. Maandishi yaliyofifia, nambari za boksi zisizolingana na za kwenye chuma, au bei ya chini ajabu, ni sababu ya kwenda duka jingine. Risiti ihifadhiwe, kwa sababu bila hiyo malalamiko ni magumu kuthibitisha. Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Bandia iliundwa chini ya sheria ya mwaka 2008 kwa ajili ya kesi kama hizo.

Baada ya ukarabati, gari liendeshwe tupu kwanza, kwenye barabara ile ile iliyotoa mngurumo. Baada ya kilomita 50 hadi 100, nati za gurudumu zikaguliwe tena. Ikiwa sauti bado ipo, fundi arudi kwenye maswali yale matatu kabla ya kununua kipuri kingine.

Wakazi wa Mau Narok, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kesho asubuhi, kabla ya gunia la kwanza kupakiwa, zungukeni gari. Angalieni grisi kwenye rimu. Hesabuni kilo, si magunia. Kisha, mkifika lami, zimeni redio kwa dakika mbili. Pikapu ile ya alfajiri bado iko njiani, na dereva wake ana nafasi ya kusikia. Aliye pembeni yake, awe mke, utingo au mwenye viazi, akisikia kabla yake, aseme.

Safari njema, na mfike salama.